Dakika Ishirini na Tano za Kwenda Ndarakwe

Wazazi wenzangu, hasa nyinyi mliooza mabinti miji mingine, haya nawaandikia mkiwa bado na nafasi ya kujihadhari. Nchi ninayoisema msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Nitawaeleza ramani yake ilivyotengenezwa, na mkishasikia mtaona wenyewe kwamba kuitafuta humo ni kupoteza muda.

Nchi hiyo ina miji miwili mikubwa. Mmoja ni Sifongo, mji mkuu, ninakokaa na cherehani yangu. Wa pili ni Ndarakwe, alikoolewa binti yangu Tunu. Tangu nikiwa darasa la nne tulifundishwa kwamba kati ya Sifongo na Ndarakwe pana kilomita mia sita kumi na mbili, na ndege inakwenda saa moja na dakika kumi. Hapakuwa na mtu mwenye ugomvi na jambo hilo. Lilikaa tu, kama mlima unavyokaa.

Ugomvi ulianza siku Mheshimiwa Mkuu wa Nchi alipokwenda kufungua jengo jipya la uwanja wa ndege wa Ndarakwe. Asubuhi hiyo alikuwa amekula vizuri, Mungu amzidishie. Ndege haijaacha hata kupanda, yeye kalala. Akalala usingizi wa mtu asiyedaiwa na yeyote, mpaka tarumbeta za mapokezi zilipomwamsha. Akashuka, akapewa kipaza sauti, akasema:

"Wananchi wa Ndarakwe, kumbe ninyi ni majirani zangu. Nimekaa kidogo tu nimefika. Hata dakika ishirini na tano sidhani kama zimetimia."

Watu wakapiga makofi. Walipiga makofi dakika kumi na moja, karibu nusu ya safari yenyewe.

Sasa, katika nchi hiyo neno la Mheshimiwa likishapigiwa makofi haliitwi neno tena, linaitwa utekelezaji. Kesho yake rubani mmoja, kijana mpole, aliandika kwenye kitabu cha safari: saa moja na dakika kumi. Aliitwa, akaulizwa anabishana na nani. Akasema anabishana na umbali. Akahamishiwa kwenye kigari cha kuvuta mizigo, na nasikia huko anafanya kazi nzuri, hajachelewa hata siku moja.

Likaundwa baraza la kulinganisha anga na kauli. Wasomi wakakaa hotelini wiki tatu na kalkuleta. Wakaona kwamba kama safari ni dakika ishirini na tano, na mwendo wa ndege ni uleule, basi kilichokosewa ni kilomita. Wakapiga hesabu, zikabaki mia mbili na kumi na nane. Waziri wa Anga na Umbali, Mheshimiwa Pogwa Lihindi, akatutangazia redioni kwa sauti ya kututuliza:

"Ndugu zangu, umbali ni urithi wa mkoloni. Alituachia kilomita mia sita ili tuchoke kutembeleana. Serikali yenu sikivu imeziondoa kilomita mia tatu tisini na nne, tena bila kuomba mkopo."

Ramani mpya zikachapishwa. Miji yetu miwili ilikuwa imesogezwa ikakaribiana kama watu wanaopiga picha. Vijiji vya katikati vilipata barua ya kuviomba visogee kidogo. Mwenyekiti wa kijiji kimoja aliandika kuuliza wasogee upande gani, akajibiwa kwamba ofisi haiwasiliani na mahali ambapo hapapo.

Mabasi nayo yakapangiwa mwendo wa saa tatu tu. Dereva wa kwanza aliyetumia saa kumi na moja njiani alikamatwa kwa kuwaficha abiria. Wenzake wakaegesha mabasi, yakafugiwa kuku. Kwa hiyo mtu mwenye haraka ya Ndarakwe akabaki na ndege tu.

Mimi mambo hayo nilikuwa nayasikia huku nashona. Nilidhani hayanihusu. Mwenzenu nilikuwa mjinga.

*

Siku ya Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, mkwe wangu Idarusi akanipigia simu.

"Mama, Tunu ameanza uchungu. Tuko hospitali."

"Mbona mapema? Si mlisema wiki ijayo?"

"Mtoto hakusoma kadi ya kliniki, mama. Njoo."

Simu ikachukuliwa na Tunu mwenyewe. Mjue kwamba ni mimba yake ya kwanza, na kwetu sisi mimba ya kwanza mama mzazi ndiye anayekaa nyuma ya binti, anamshika mgongo mpaka mtoto atoke. Tunu tangu utotoni ni mwoga wa sindano, mwoga wa radi, mwoga wa kila kitu isipokuwa mimi.

"Mama," akasema, "usiponishika mgongo mimi sisukumi."

"Utasukuma tu, mwanangu, hakuna anayebaki nayo."

"Sisukumi. Nakungoja."

Nikakusanya vitu vyangu mbio mbio: unga wa mtama, pilipili manga, samli, kitambaa cha kumfungia tumbo, karanga za kukaanga za kutafuna njiani. Nikafika uwanjani, nikapata kiti cha saa nne. Nikampigia Idarusi nikamwambia saa nne naruka. Akajibu, "Basi saa nne na ishirini na tano nitakuwa mlangoni nakungoja, mama." Mimi moyoni nikasema saa tano na dakika kumi, lakini kwenye simu hayo hayasemwi. Nikasema haya, baba.

Hilo ndilo kosa langu la kwanza. Liandikeni.

*

Kwenye ndege nilikaa karibu na mwanamke mmoja mnene, mchangamfu, anaitwa Bi Rukonge, muuza viatu vya mitumba. Anaruka njia hiyo kila wiki. Aliniona ninavyoung'ang'ania mkanda akacheka.

"Mara ya kwanza, dada?"

"Ya kwanza. Dada, nasikia siku hizi wanatia mafuta ya dakika ishirini na tano tu. Ni kweli?"

"Ni kweli. Ya safari ni ya dakika ishirini na tano. Yanayobaki yanaandikwa mafuta ya heshima."

"Heshima ya nani?"

"Ya Mheshimiwa. Marubani ndio walioyabuni. Wahasibu wa wizara waliyaona, lakini nani atakwenda kuandika kwamba heshima ya Mheshimiwa imezidi, ipunguzwe?" Akachota karanga zangu. "Kwa hiyo usiogope, dada. Tunaruka kwa heshima mpaka tunafika."

Kwenye kiti cha mbele yetu alikaa bwana mmoja mwembamba, kavaa tai fupi, na mkoba wake umelala mapajani kama mtoto. Alikuwa Bwana Chikota, Afisa wa Muda. Kila ndege ya njia hiyo ina mmoja. Naye nilimpa karanga, maana nimelelewa hivyo.

Ilipotimia dakika ya ishirini na tano Bwana Chikota akatazama saa, akainua kidole. Rubani akasema kwenye kipaza sauti, kwa sauti ya mtu aliyeshalizoea jambo:

"Mabibi na mabwana, tumetua salama Ndarakwe. Tunawashukuru kwa kusafiri nasi. Tafadhali endeleeni kufunga mikanda, kwa sababu uwanja wa Ndarakwe leo una mawimbi kidogo."

Nikatazama dirishani. Chini kabisa niliona mto, na vijiji vile vilivyoambiwa visogee. Moshi wa mapishi ulikuwa unatoka.

"Bi Rukonge, mbona naona mawingu?"

"Ni ya Ndarakwe hayo. Simama, tunashuka."

Abiria wote wakasimama kwenye foleni. Mhudumu wa ndege akasimama mwisho kabisa, karibu na pazia, akawa anampa kila mmoja mkono: karibu Ndarakwe, karibu Ndarakwe. Ukishapewa mkono unazunguka, unarudi kwenye kiti chako, na hapo unahesabiwa mtu aliyekwisha fika anayepumzika. Bwana Chikota akagonga tiketi zetu mhuri wa saa nne na dakika ishirini na tano. Ndege ikayumba, mhudumu akaniangukia kifuani, akaniambia samahani mama, sakafu ya jengo hili ni mpya.

Mama mmoja mwenye kitoto mgongoni akauliza choo.

"Choo cha ndege kimefungwa, mama, tumeshatua. Nenda jengo la abiria, mkono wa kushoto."

"Nitaendaje?"

"Subiri kidogo, utakuwa karibu zaidi."

Yule mama akasubiri dakika arobaini na tano. Mimi nilisali. Sikuiombea ndege, maana nilishaamini ile heshima. Nilimwombea Tunu asisukume.

*

Tulipotua, yaani tulipotua kwa magurudumu, ilikuwa saa tano na dakika kumi. Nikachukua samli yangu nikatoka mbio. Idarusi mlangoni hayupo. Ubao ukutani umeandikwa: Sifongo, imefika saa nne na ishirini na tano, abiria wote wameshatoka.

Na mlangoni pana meza, na foleni nyingine.

"Hii ni ya nini tena?" nikamwuliza Bi Rukonge.

"Ya kueleza. Umefika tangu saa nne na dakika ishirini na tano, hujatoka uwanjani mpaka sasa. Wanataka kujua ulikuwa unafanya nini humu ndani. Andika ulikuwa unatazama mandhari. Wote tunaandika hivyo." Akanifinya mkono. "Mandhari, dada. Usianze ujuaji."

Akaandika lake, akapita. Mama wa kitoto akaandika lake, akapita, tena mbio. Ikafika zamu yangu. Jamani, mimi nimemaliza darasa la saba, na mwalimu wetu alituambia karatasi ya serikali inaandikwa kweli. Nikapewa fomu inayouliza: ulikuwa wapi? Nikaandika: angani.

Wakanitoa kwenye foleni. Wakaniingiza chumba cha pembeni, simu yangu ikawekwa mezani mbali nami. Akaingia Bwana Chikota na mkoba wake.

"Mama Tunu, hapa umeandika angani. Angani ni wapi?"

"Juu."

"Juu ya wapi?"

"Juu ya vile vijiji mlivyoviondoa."

Akaweka kalamu chini, akafuta uso. "Mama, ndege imetua saa nne na dakika ishirini na tano. Mhuri huu hapa."

"Bwana Chikota, si tulikuwa wote humo? Si ulikula karanga zangu?"

"Nilikuwa kazini. Mtu akiwa kazini hayuko mahali." Akainama, akashusha sauti. "Mama yangu, nina watoto watano. Ukiandika angani, mimi lazima nipeleke jalada Sifongo, Sifongo waulize, jibu lirudi. Hapa utalala. Ukiandika mandhari, unaondoka sasa hivi. Kwani mandhari yana ubaya gani?"

"Binti yangu anajifungua."

"Basi ndiyo hivyo, mwandikie yeye."

Nikabisha. Nilibisha kwa saa nzima, nawaapia. Kisha simu yangu ikaanza kutetemeka pale mezani, ikitembea yenyewe kuelekea ukingoni, na kioo kinaonyesha jina la Bi Somoe, mama yake Idarusi. Bi Somoe hanipigii simu ila kwa sikukuu au msiba. Ikatetemeka, ikakata. Ikatetemeka tena.

Nikasema leteni hiyo fomu.

Alinisomea, nikaandika: Mimi, Mama Tunu, nilifika Ndarakwe saa nne na dakika ishirini na tano, nikabaki uwanjani kwa hiari yangu, nikifurahia mandhari na maendeleo. Nikatia sahihi. Akagonga mihuri mitatu, nakala tatu: moja ya uwanja, moja ya wizara, moja ya mwenyeji wangu, ambaye lazima asome na kutia sahihi siku hiyohiyo. Na kwa kuwa mara ya kwanza niliandika angani, ikabidi Bwana Chikota anisindikize na ile nakala ya mwenyeji.

Hapa ndipo ninapowaonya, wazazi wenzangu. Mtu akikuambia karatasi haina ubaya, mwulize itakwenda kusomwa na nani.

*

Tuliingia wodini saa saba kasoro. Tunu amelala, jasho limemkaukia usoni. Mtoto wa kiume, amezaliwa saa tano kasoro dakika kumi, yuko mikononi mwa Bi Somoe, amefungwa kwenye kanga ya Bi Somoe. Idarusi kasimama ukutani, macho mekundu.

Bi Somoe ni mwanamke mwenye cheo. Ndiye mwenyekiti wa akina mama wa Ndarakwe, na zile nyimbo za kuzisifu dakika ishirini na tano zinazopigwa redioni, kiitikio ni sauti yake. Nyumba anayokaa Tunu ni yake, kwa hiyo mwenyeji ni yeye. Bwana Chikota akampa karatasi. Bi Somoe akavaa miwani, mtoto mkono mmoja, karatasi mkono wa pili, akasoma kwa sauti kama anavyosoma risala.

"Nikabaki uwanjani kwa hiari yangu, nikifurahia mandhari na maendeleo." Akavua miwani. "Mkwe, hongera. Tumekupigia simu mpaka betri ya Idarusi imekwisha, kumbe unatazama mandhari."

Tunu akageuza uso ukutani.

"Nilikuita, mama," akasema bila kunitazama. "Muulize nesi nilikuita mara ngapi. Idarusi alikwenda uwanjani kukungoja akaambiwa umeshatoka. Nikasema mama yangu akishafika Ndarakwe hawezi kuchelewa, atakuwa amegongwa na gari. Nimemzaa huyu huku nakulilia wewe umekufa."

Bwana Chikota alikuwa amesimama mlangoni na mhuri wake, na karatasi yenye mwandiko wangu ilikuwa mkononi mwa Bi Somoe. Kusema nilikuwa angani ni kusema nimeidanganya serikali kwa maandishi, na kabla ya hapo ni kusema Mheshimiwa naye hakukaa dakika ishirini na tano. Kunyamaza, binti yangu anabaki amegeukia ukuta.

Tunu akasema, "Mama, nikuulize jambo moja tu. Kutoka Sifongo mpaka hapa ni muda gani?"

Wodi nzima ikageuza vichwa. Kulikuwa na vitanda nane.

"Saa moja na dakika kumi," nikasema.

"Sema tena."

"Saa moja na dakika kumi, kwa saa yangu hii ya mkononi. Ulipokuwa unajifungua nilikuwa juu ya mto, naona watu wanapika. Niliandika hiyo karatasi ili nitoke nije kwako."

Bi Somoe akamgeukia Bwana Chikota. "Umesikia anayosema?"

Bwana Chikota akafunga mkoba wake taratibu. "Mama Mwenyekiti, mimi ni wa muda. Kusikia ni idara nyingine."

Mwanamke wa kitanda cha tatu akasema, kama anaongea na dari, "Mume wangu naye amefika toka asubuhi. Bado namsubiri." Mtu akacheka. Kisha wa kitanda cha mwisho akasema kwamba mama yake aliwahi kufika Jumatatu akaonekana Jumanne, wakacheka wote, mpaka nesi akaja akafunga dirisha, akarudi akakaa kitandani na yeye kucheka. Idarusi alicheka huku analia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia watu wengi namna ile wakiitaja saa moja na dakika kumi, mmoja baada ya mwingine, kama wanaonja chumvi.

Bi Somoe hakucheka. Aliishika ile karatasi muda mrefu. Nilimwona anavyomtazama mjukuu, kisha mimi, viatu vyangu vina vumbi, samli imenimwagikia kwenye kanga. Mwisho akaiweka karatasi chini ya sahani ya uji, bila sahihi.

"Kalamu yangu nimeisahau nyumbani," akamwambia Bwana Chikota. "Uje siku nyingine."

"Nije lini, Mama Mwenyekiti?"

"Wewe ndiye wa muda, baba. Utajua mwenyewe."

Bwana Chikota akaondoka. Niliona pale mlangoni amepumua.

Tunu akageuka kutoka ukutani. Akanitazama kwanza, kisha akamtazama mkwewe, akasema kwa adabu, "Mama, naomba mpe mama yangu mtoto."

Bi Somoe akanipa. Nilikuwa sijakaa bado, na yule bwana mdogo alikuwa na kipaji cha uso cha marehemu baba yangu kabisa. Tunu akasogea kitandani, akapapasa ubavuni pake.

"Kaa hapa, mama," akasema. "Pole. Umetoka mbali."